Kompyuta Ikikataa: Somo la Kurekebisha Makosa ya Sarufi katika Programu ya Kikundi



Katika masomo yaliyopita tumeongea juu ya daftari la pesa, kadi za wanachama na kumbukumbu za mkutano. Leo tunaingia katika jambo jipya. Vijana wetu wanarudi nyumbani na ujuzi wa kuandika programu za kompyuta. Mwaka 2022 Kenya iliidhinisha mtaala wa kufundisha kazi hiyo katika shule za msingi na za sekondari, kwa hivyo vijana hao watazidi kuongezeka. Vikundi vingine vimeanza kuwaomba wawaandikie programu ndogo ya kuhesabu riba au pesa za maziwa. Ni jambo zuri, lakini tumeona pia linavyoweza kuleta ugomvi. Tuanze na yale tuliyoyaona kwa macho yetu.

1. YALIYOTOKEA KWENYE MKUTANO

Tulialikwa katika kikundi kimoja cha akina mama upande wa Njoro. Wanaweka akiba na kukopeshana kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, ikihesabiwa kwa pesa za mkopo wa kwanza tu. Kijana wa mwanachama mmoja alikuwa ameandika programu kwenye simu, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kuijaribu.

Mama mmoja aliomba mkopo wa shilingi 15,000 wa miezi 3. Kijana akabonyeza. Badala ya jibu, kioo cha simu kikaleta maneno ya Kiingereza:

    line 3
    SyntaxError: '(' was never closed

Watu wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema, "Hii simu imekataa pesa yetu." Kijana akaanza kutoka jasho. Akafuta hapa, akafuta pale, akabonyeza tena. Mara simu ikatulia na kusema: Riba ni 300. Tulipiga makofi, na sisi wa ofisi tukiwa wa kwanza kupiga.

Mama mweka hazina hakupiga makofi. Alifungua daftari lake na kusema polepole, "Mwanangu, mimi nimepata mia tisa."

Basi hapo ndipo moto ulipowaka. Mwanachama mmoja akasimama: "Kumbe miaka hii yote tunalipa mia tisa na mashine inasema mia tatu? Hizo mia sita zimekuwa zikienda wapi?" Mama yule ameshika hazina ya kikundi kwa miaka mingi bila kupotea hata shilingi moja. Macho yake yakajaa machozi.

Mama mwenyekiti aliomba watu watulie. Tukaomba punje za mahindi jikoni, kila punje iwe shilingi mia moja. Asilimia 2 ya 15,000 ni 300, yaani punje tatu kwa mwezi wa kwanza. Punje tatu kwa mwezi wa pili, na tatu kwa mwezi wa tatu. Jumla punje tisa. Daftari lilikuwa sawa, simu ndiyo iliyokosa. Yule aliyesimama akaenda akamshika mama mkono.

Je, kijana alikuwa amefanya nini? Mstari wake wa 3 ulikuwa hivi:

    riba = (mkopo * 2 / 100) * (miezi

Alikuwa amefungua bano mbele ya neno miezi na hakulifunga. Kilichohitajika ni bano moja tu mwishoni. Lakini kwa haraka na aibu, alifuta kipande chote cha mwisho, ukabaki hivi:

    riba = (mkopo * 2 / 100)

Sarufi ikawa safi, kompyuta ikanyamaza. Lakini miezi ilikuwa imetoka ndani ya hesabu. Kila mkopo ungelipiwa riba ya mwezi mmoja tu, hata kama ni wa mwaka mzima.

2. KOSA LA SARUFI NI NINI?

Huku kwetu Nakuru mtu akipiga kelele usiku, "Ng'ombe yangu imepotea!", majirani wanatoka na tochi. Hakuna anayebaki kitandani akisema, "Mpaka useme ng'ombe wangu amepotea ndiyo nitoke." Binadamu husikia maana hata maneno yakiwa yamepinda.

Kompyuta haina moyo huo. Ni kama karani wa benki aliyeletewa hundi isiyo na sahihi. Anajua wewe ni nani na pengine mnasali pamoja, lakini hundi atairudisha. Kila lugha ya kompyuta ina sarufi yake: mabano yanafungwa vipi, nukta inakaa wapi, nafasi inaachwa wapi. Ukikosea alama moja, inakataa hata kuanza kazi, na inakuambia ni mstari gani. Hilo ndilo kosa la sarufi.

Lugha tutakayotumia ni Python, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi. Haiuzwi, ni ya bure. Inafanya kazi kwenye kompyuta, na pia kwenye simu ya kisasa kwa kutumia programu kama Pydroid 3, ambayo ukishaiweka hukubali kazi bila mtandao.

3. PROGRAMU YENYEWE

Hii ndiyo programu ya mkopo ikiwa imeandikwa sawasawa. Namba za pembeni ni za kutusaidia katika somo, usiziandike.

    1   mkopo = int(input("Mkopo ni shilingi ngapi? "))
    2   miezi = int(input("Ni wa miezi mingapi? "))
    3   riba = (mkopo * 2 / 100) * (miezi)
    4   jumla = mkopo + riba
    5   print("Riba ni", riba)
    6   print("Jumla ya kulipa ni", jumla)
    7   if mkopo > 10000:
    8       print("Wadhamini wawili")
    9   else:
    10      print("Mdhamini mmoja")

Mistari ya 1 na 2 inauliza maswali. Mistari ya 3 na 4 inahesabu. Ile alama ya nyota ni ya kuzidisha, na mshazari ni wa kugawanya. Mistari ya 5 na 6 inatoa jibu. Mistari ya 7 hadi 10 inaangalia kanuni ya kikundi: mkopo ukizidi shilingi 10,000, wadhamini ni wawili, usipozidi, ni mmoja.

Ukiweka 15000 na 3, utaona riba 900.0 na jumla 15900.0. Usishangae kwa hiyo nukta sifuri, ndiyo desturi ya Python ikigawanya.

4. MAKOSA YANAYOJIRUDIA

Ujumbe wa makosa huja kwa Kiingereza, lakini maneno ni machache na yanarudi yale yale. Tulijifunza kusoma karatasi ya dawa ya kuogesha ng'ombe, na haya pia tutayazoea. Tunayoonyesha hapa ni ya Python kuanzia toleo la 3.10 lililotoka mwaka 2021. Ya zamani husema kwa ufupi zaidi.

(a) Bano lisilofungwa.

    mkopo = int(input("Mkopo ni shilingi ngapi? ")

Ujumbe: '(' was never closed. Maana: umefungua bano na hukulifunga. Hesabu mabano ya kufungua, kisha ya kufunga. Hapa yamefunguliwa mawili na limefungwa moja. Angalia vizuri: Python ya zamani italalamikia mstari unaofuata, ambao hauna kosa lolote. Kwa hiyo mstari uliotajwa ukionekana safi, tazama ule ulio juu yake.

(b) Alama za usemi zisizofungwa.

    print("Riba ni, riba)

Ujumbe: unterminated string literal. Maana: umeanza maneno ya kusomwa na watu na hukuonyesha yanaishia wapi. Weka alama ya kufunga baada ya neno ni.

(c) Nukta pacha iliyosahaulika.

    if mkopo > 10000

Ujumbe: expected ':'. Maana: kompyuta ilitarajia zile nukta mbili zinazokaa moja juu ya nyingine. Kila mstari wa if na wa else lazima uishie hivyo. Ni kama kusema "Mkopo ukizidi elfu kumi..." halafu ukanyamaza. Msikilizaji anangoja uendelee.

(d) Mstari usiosogezwa ndani.

    if mkopo > 10000:
    print("Wadhamini wawili")

Ujumbe: expected an indented block. Maana: mstari ulio chini ya if haujasogezwa. Acha nafasi nne mwanzoni mwake. Katika Python nafasi si pambo. Ndizo zinazoonyesha amri ipi ni mtoto wa ipi.

(e) Alama za usemi zilizopinda.

    print(“Riba ni”, riba)

Ujumbe: invalid character. Hili linawachanganya wengi kwa sababu kwa macho hakuna kosa. Hutokea mtu akiandika programu mahali pa kuandikia barua, halafu akainakili. Mashine ya barua hupindisha zile alama ili zipendeze. Zifute, uziandike upya zikiwa zimenyooka.

(f) Herufi kubwa mahali pa ndogo.

    Print("Jumla ya kulipa ni", jumla)

Ujumbe: name 'Print' is not defined. Kwa Python, Print na print ni watu wawili tofauti. Hili si kosa la sarufi hasa. Programu itaanza vizuri, itauliza maswali, kisha itaanguka ikifika kwenye mstari huo. Andika herufi ndogo.

(g) Koma ndani ya pesa. Programu ikiuliza mkopo na ukajibu 15,000 kama tulivyozoea kuandika, itaanguka na ujumbe unaoanza na ValueError. Programu haina kosa hapo. Jibu 15000, bila koma. Tuwafundishe wote watakaoishika simu hiyo.

5. HATUA ZA KUREKEBISHA

Hatua ya kwanza: Usifute kitu. Toa mkono kwenye simu. Kompyuta haijaharibika na pesa hazijapotea. Imekataa kuanza, basi.

Hatua ya pili: Soma mstari wa mwisho wa ujumbe. Huo ndio unaotaja kosa. Kisha tafuta neno line na namba iliyo karibu nalo.

Hatua ya tatu: Nenda kwenye mstari huo. Usome kwa sauti, alama kwa alama, mwenzako akisikiliza: "riba, usawa, fungua bano, mkopo, mara mbili..." Mara nyingi ulimi hukwama palipo na kosa. Ukiwa safi, soma ule wa juu yake.

Hatua ya nne: Rekebisha kosa moja tu, kisha jaribu tena. Kompyuta hutaja kosa moja kila mara, hata kama yako manne. Ukirekebisha moja likatokea lingine, usivunjike moyo. Ni sawa na kupalilia: umemaliza mstari mmoja, unaingia wa pili.

Hatua ya tano: Kabla ya kuondoa kitu chochote, jiulize, "Hiki kilikuwa na kazi gani?" Kama huwezi kujibu, kiache. Kosa la sarufi kwa kawaida hutaka uongeze au ubadilishe alama ndogo. Ukijikuta unafuta neno zima kama miezi, simama.

Hatua ya sita: Liandike kosa kwenye daftari: tarehe, ujumbe uliosomeka, na ulivyorekebisha. Tarehe 9 Septemba 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani, mafundi walimkuta nondo amenaswa ndani ya mashine ya kuhesabu iitwayo Mark II. Walimtoa, wakambandika kwenye daftari la kazi na kuandika maelezo kando yake. Mpaka leo Waingereza huliita kosa la programu mdudu, ingawa neno hilo lilikuwa likitumika kwa hitilafu za mashine hata kabla ya siku hiyo. Kama mafundi wale waliweka daftari, sisi ni nani tusiweke?

6. KOSA LISILOPIGA KELELE

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Kosa la sarufi linaudhi, lakini ni mwaminifu: linajitangaza lenyewe mbele ya mkutano mzima. Kosa la kuogopwa ni lile lililokuja baadaye Njoro, programu ilipokubali na kutoa jibu la uongo kwa sauti ile ile ya upole. Kompyuta inajua sarufi. Haijui mliamua nini katika mkutano wa mwaka. Ukiiambia riba ni ya mwezi mmoja, itakuhesabia ya mwezi mmoja bila kuuliza.

Kwa hiyo kila mara programu inaporekebishwa, hata kama ni bano moja tu limeongezwa, ipimwe kabla ya kutumiwa. Chukueni mikopo mitatu ya zamani iliyo kwenye daftari, ambayo mnajua ililipwa vipi: mmoja mdogo, mmoja mkubwa, na mmoja wa shilingi 10,000 kamili ili kupima kanuni ya wadhamini. Iingizeni kwenye programu. Majibu yakilingana na daftari yote matatu, endeleeni. Hata moja likitofautiana, daftari linabaki kuwa neno la kikundi mpaka sababu ijulikane. Msimshuku mweka hazina kwa sababu simu imesema.

Na programu isiwe mali ya mtu mmoja. Ichapishwe au iandikwe kwa mkono, ikae kwenye faili la kikundi. Angalau wanachama wawili wajue kila mstari unafanya nini, hata kama hawawezi kuuandika. Kijana akipata kazi Nairobi, kikundi kisibaki gizani. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Simu haijaifuta methali hiyo.

Kuhusu yule kijana, mama mweka hazina ndiye aliyemwita mwezi uliofuata. Walikaa pamoja, yeye na daftari, kijana na simu. Alimwambia, "Wewe nisomee alama, mimi nikusomee hesabu." Siku hizi wanapima mikopo hivyo kabla ya kila mkutano.

7. ZOEZI LA KIKUNDI

Gawanyikeni watu watatu watatu. Programu hii ni ya malipo ya maziwa. Tuseme bei ni shilingi 45 kwa lita, na mkutano uliamua kikundi kikate shilingi 2 kwa kila lita. Yatafuteni makosa matano. Manne kompyuta itayasema. La tano haitalisema kamwe.

    1   lita = int(input("Lita ngapi? ")
    2   bei = 45
    3   malipo = lita * bei
    4   print("Malipo ni, malipo)
    5   if lita > 10
    6   print("Asante kwa maziwa mengi")

Maswali ya kujadiliana:

- Katika hadithi ya Njoro, ni nani aliyekosea? Ni kijana peke yake?
- Kwa nini watu waliamini simu haraka kuliko daftari? Je, kwetu hali ni hiyo?
- Katika kikundi chetu, ni nani wawili watakaojifunza kusoma programu pamoja na kijana?
- Tutaweka kanuni gani kuhusu kupima programu baada ya kurekebishwa?

Majibu ya zoezi: Mstari wa 1 unakosa bano la mwisho. Mstari wa 4 unakosa alama ya usemi baada ya neno ni. Mstari wa 5 unakosa nukta pacha. Mstari wa 6 haujasogezwa ndani. Kosa la tano liko mstari wa 3: zile shilingi 2 hazikukatwa. Uwe hivi:

    malipo = lita * (bei - 2)

Pimeni kwa mkono: mkulima wa lita 12 apate shilingi 516, si 540. Mkipata 516 kwenye simu na 516 kwenye karatasi, mmefaulu.

Tunawatakia kazi njema. Vikundi vitakavyofanya zoezi hili vituandikie vilivyoona, na hasa makosa mliyokutana nayo ambayo hatukuyataja hapa.